Kuwafundisha wanafunzi wa afya kazi ya timu kupitia huduma kwa wazee: mwongozo kwa wakufunzi

Mwanafunzi wa udaktari anaweza kuhitimu bila kuwahi kukaa na mwanafunzi wa famasi mbele ya mgonjwa mmoja. Wa uuguzi anaweza kumaliza mafunzo yake yote akimwona mtaalamu wa fiziotherapia akipita tu kwenye korido ya wodi. Kisha siku ya kwanza kazini wote wanatakiwa washirikiane, na kila mmoja anamshangaa mwenzake. Pengo hili halizibwi kwa mihadhara kuhusu ushirikiano. Linazibwa pale wanafunzi wa fani tofauti wanapokabidhiwa mzee mmoja, mwenye shida ambayo hakuna fani inayoweza kuitatua peke yake, wakaambiwa: huyu ni wenu nyote.

Wazee wanafaa kwa mafunzo haya kuliko kundi jingine lolote la wagonjwa. Kijana akivunjika mkono, tatizo ni mkono. Mzee akianguka usiku, tatizo laweza kuwa macho, dawa, misuli iliyodhoofu, mkojo wa mara kwa mara, taa isiyowaka, au yote hayo kwa pamoja. Daktari Marjory Warren alilionyesha jambo hili tangu miaka ya 1930 katika Hospitali ya West Middlesex, London. Alikuta wazee waliolala vitandani muda mrefu na kuhesabiwa kuwa hawana tiba. Aliwachunguza mmoja mmoja, akawapanga kulingana na mahitaji yao, akawashirikisha wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Wengi waliinuka, na baadhi walirudi makwao. Hawakupewa dawa mpya ya ajabu. Walitazamwa na macho mengi yaliyokuwa yakisemezana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kufikia 2030 mtu 1 kati ya kila 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, na kwamba kufikia 2050 watu hao watafika bilioni 2.1. Wanafunzi tulionao leo watakuwa katikati ya utumishi wao wakati huo. Mwaka 2010 shirika hilohilo lilieleza mafunzo ya pamoja kuwa ni pale wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanapojifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Shika hayo matatu. Ukiwajaza wanafunzi wa fani nne katika ukumbi mmoja wasikilize mhadhara, umetimiza la tatu tu, tena kwa shida.

Mwongozo huu ni kwa mkufunzi anayetaka kuanzisha mafunzo hayo wodini, kliniki au majumbani kwa wazee. Unachukulia kwamba huna fedha nyingi wala jengo jipya.

1. Anza na ratiba, mtaala baadaye

Programu nyingi za namna hii hufa kwa sababu ya kalenda. Idara ya uuguzi ina zamu, ya udaktari ina raundi, ya famasi ina maabara siku ileile. Kabla hujaandika lengo hata moja la kujifunza, waketishe wanaopanga ratiba za idara zote mkubaliane nusu siku moja kwa wiki ambayo haitaguswa na mtu. Idara tatu zenye saa moja ya uhakika ni bora kuliko idara saba zinazokutana kwa kubahatisha.

Kuna namna mbili zinazowezekana. Ya kwanza ni nusu siku kila wiki kwa wiki sita hadi nane, mzee yuleyule, timu ileile. Ya pili ni kipindi kizima cha siku mfululizo wodini. Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, kilifungua wodi ya mafunzo ya namna hiyo mwaka 1996, katika huduma za mifupa, ambako wanafunzi wa udaktari, uuguzi, fiziotherapia na tiba kazi (fani ya kumwezesha mtu kumudu shughuli zake za kila siku) waliwahudumia wagonjwa kama timu chini ya uangalizi wa wataalamu. Kwa wazee wanaoishi nyumbani napendelea ya kwanza, kwa sababu wiki zinapopita mwanafunzi anaona kama mpango wake umefanya kazi au umebaki karatasini.

Jambo jingine la kumaliza mapema: kazi hii iwe na alama. Mwanafunzi akijua kwamba haihesabiwi, ataiacha wiki ya mitihani, na mzee atamsubiri bure.

2. Wakufunzi wenyewe wawe timu

Wanafunzi hawafuati unachosema kuhusu kuheshimiana, wanafuata wanachokiona. Daktari akimkatiza muuguzi mkuu mbele yao, somo la siku hiyo limekwisha fundishwa. Kwa hiyo wasimamizi wakutane peke yao kabla ya kuwapokea wanafunzi, wakubaliane mambo machache: nani anaongoza siku gani, nani anatia saini mapendekezo ya dawa, tofauti za maoni zitazungumzwa vipi mbele ya wanafunzi. Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Wakufunzi wawili wakipingana kwa adabu, wakatoa sababu, wakafikia uamuzi, wanafunzi wameona kitu ambacho hakimo kitabuni.

Kila mkufunzi awe tayari pia kumsimamia mwanafunzi wa fani nyingine katika mambo ya jumla kama mazungumzo, usafi na usalama wa mzee. Yale ya kitaalamu yabaki kwa mwenye fani.

3. Chagua wazee kwa uangalifu, na uombe ridhaa ya kweli

Mtafute mzee mwenye mambo matatu au manne yanayoingiliana: magonjwa zaidi ya moja, dawa tano au zaidi, historia ya kuanguka, kupungua uzito, upweke, au kumbukumbu inayoyumba. Usianze na mzee aliye mahututi, wala mwenye mgogoro mkali wa kifamilia ambao hata wewe hujui pa kuushika.

Ridhaa iombwe na mtu ambaye mzee anamfahamu, si na wanafunzi sita waliosimama kuzunguka kitanda. Aelezwe watakuja wangapi, mara ngapi, watafanya nini, na kwamba akikataa huduma yake haitapungua. Aulizwe tena kila ziara. Kama uwezo wake wa kuamua una mashaka, fuata sheria na taratibu za mahali pako kuhusu anayeamua kwa niaba yake, lakini mzee mwenyewe bado aelezwe kwa maneno anayoyaelewa. Akigeuza uso ukutani, hilo nalo ni jibu.

4. Unda timu ndogo

Wanafunzi wanne hadi sita, kutoka fani zisizopungua tatu. Wakizidi sita wawili watakuwa watazamaji. Udaktari, uuguzi na famasi ndiyo mwanzo wa kawaida. Ongeza fiziotherapia, tiba kazi, lishe, ustawi wa jamii, au afya ya kinywa na meno kadiri chuo chako kinavyoruhusu. Hao wa mwisho husahaulika sana, ilhali mzee mwenye meno bandia yanayolegea hali vizuri hata umpe ushauri gani wa chakula.

Jaribu kuwalinganisha kwa mwaka wa masomo. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano akiwekwa na wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, wa udaktari atafundisha na wa uuguzi atanyamaza, kisha wote wataondoka wakiamini kwamba ndivyo timu ilivyo.

Uenyekiti uzunguke. Kila kikao kiwe na mwenyekiti, mwandishi, mtunza muda, na mmoja ambaye kazi yake pekee ni kusema kwa niaba ya mzee. Huyu wa mwisho ana ruhusa ya kusimamisha mjadala wakati wowote na kuuliza: "Hili mzee ametaka, au tumetaka sisi?"

5. Kikao cha kwanza, bila mgonjwa

Kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi kile anachodhani fani ya mwenzake inafanya. Wasomeane. Hapo ndipo inapogundulika kwamba wa udaktari anadhani mfamasia anahesabu vidonge, na wa famasi anadhani afisa ustawi wa jamii anagawa misaada. Kisha kila mmoja aeleze kazi yake kwa mfano wa mzee aliyeanguka: mimi ningetazama nini ambacho ninyi msingekitazama?

Pia weka kanuni moja ya lugha tangu siku hiyo. Maneno "ni uzee tu" hayakubaliki kama maelezo ya dalili yoyote. Kukojoa bila kujizuia si uzee tu. Kuanguka si uzee tu. Kusahau njia ya kurudi nyumbani si uzee tu. Kila mara mwanafunzi akiyatamka, atafute angalau sababu tatu zinazotibika. Nimeona kanuni hii ikibadilisha fikra za wanafunzi haraka kuliko somo zima kuhusu ubaguzi wa umri.

6. Mazungumzo ya kwanza na mzee

Waende wawili tu, wa fani tofauti. Wakae, wasisimame, usawa wa macho yake, mwanga uangukie nyuso zao ili aone midomo. Waulize anapenda kuitwa nani. Kuitwa babu au bibi na mgeni kunampendeza mmoja na kumkera mwingine, hasa aliyekuwa na cheo au kazi anayojivunia.

Swali kuu la ziara hii ni moja: ni jambo gani ambalo yeye anataka aweze kulifanya? Wanafunzi wamezoea kuuliza "unaumwa nini?" na mzee amezoea kulijibu kwa orodha. Muulize badala yake siku yake nzuri ikoje, ni nini amekiacha ambacho angependa kukirudia, ni nini anachokiogopa zaidi katika matibabu yake. Halafu wanyamaze. Kumsubiri mzee amalize sentensi ni ujuzi unaofundishika, na mkufunzi ausimamie kwa makini kama anavyosimamia uchomaji sindano.

Tuseme ni bibi wa miaka 78, mwenye presha na maumivu ya magoti, aliyeanguka mara mbili usiku. Faili lake linasema "kudhibiti presha, kuzuia kuanguka". Yeye anasema: "Nataka nitembee mwenyewe hadi kwa rafiki yangu, nyumba ya tatu. Tangu nianguke wananikataza." Lengo la timu ni hilo la nyumba ya tatu. Presha na magoti yatapimwa kwa kipimo hicho.

7. Uchunguzi wa pamoja

Hapa pana kishawishi cha kumpanga mzee kwenye foleni ya wanafunzi, kila mmoja na fomu yake, na kila mmoja akimuuliza upya mwaka wake wa kuzaliwa. Epuka. Historia ichukuliwe mara moja, mmoja akiuliza na wengine wakisikiliza, kila mmoja akiongeza swali lake mwishoni. Mzee akichoka, acheni. Mtaendelea wiki ijayo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa huduma jumuishi kwa wazee, uliotoka 2017, unazingatia uwezo wa mtu: fikra na kumbukumbu, mwendo, lishe, kuona, kusikia, na hali ya hisia. Kwa mafunzo ya timu mgawanyo huu ni mzuri kwa sababu hakuna eneo linalomilikiwa na fani moja. Lakini mpangilio wa kuyapima una maana kubwa, na wanafunzi wengi huukosea.

Anzeni na masikio na macho. Mzee ambaye hakusikia maneno matatu aliyotajiwa hawezi kuyakumbuka baada ya dakika tano, na ataandikiwa kuwa kumbukumbu imeharibika wakati masikio yamejaa nta tu. Mwenye mtoto wa jicho hawezi kuchora saa vizuri. Angalieni kama miwani ni yake na kama kifaa cha kusikia kina betri. Baada ya hapo ndipo kumbukumbu: kipimo kifupi cha maneno matatu na mchoro wa saa chatosha kwa kuanzia. Wanafunzi waelewe kwamba ni cha kuchuja, si cha kutoa hukumu, na kwamba mtu asiyezoea kalamu huonekana mbaya kuliko alivyo.

Wakati huohuo wafundishwe kutofautisha ugonjwa wa kusahau na kuchanganyikiwa kwa ghafla. La kwanza huja polepole kwa miezi na miaka. La pili huja kwa saa au siku, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na mtu hawezi kutuliza akili kwenye jambo. Ukimwomba ataje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma kutoka Desemba, anapotea. Nyuma yake mara nyingi kuna maambukizi, dawa, upungufu wa maji, haja kubwa iliyokwama au mkojo uliozuilika. Aina inayopita bila kuonekana ni ile ya utulivu, ambapo mzee analala tu na kila mtu anasema leo hasumbui. Mara nyingi anayeitambua kwanza ni muuguzi wa zamu au ndugu, kwa sentensi fupi: "Leo si yeye." Wafundishe wanafunzi wa udaktari kuipokea sentensi hiyo kama matokeo ya kipimo.

Mwendo una kipimo kisichohitaji chochote zaidi ya kiti na saa. Mzee anainuka kitini, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anaketi. Sekunde 12 au zaidi zinaashiria hatari ya kuanguka. Mwanafunzi wa fiziotherapia asimame karibu yake, na wenzake watazame zaidi ya sekunde: anajisukuma kwa mikono? Anageuka kwa hatua ndogondogo? Viatu vinamtosha? Mwanafunzi wa uuguzi apime presha mzee akiwa amelala dakika tano, kisha akisimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka kwa 20 au zaidi kwa ile ya juu, au 10 au zaidi kwa ile ya chini, hapo pana jibu la kizunguzungu ambalo presha ya kukaa isingelionyesha.

Lishe ianze na mizani na swali la nguo: zimelegea? Kupungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia kunahitaji kufuatiliwa. Hali ya hisia iulizwe wazi, bila kuzungukazunguka: katika wiki mbili zilizopita umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Yale uliyoyafurahia bado yanakufurahisha? Mwisho, shughuli za kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani, kuzuia haja, kula. Msiulize "unaweza?" Ulizeni "jana ulifanyaje?"

Na kila mzee apate muda wa kuzungumza faraghani, bila ndugu wala anayemhudumia. Kama kuna kutishwa, kunyimwa chakula au kuchukuliwa fedha zake, hatalisema mbele yao. Wanafunzi wajue mapema ni nani wa kumpelekea taarifa hiyo siku hiyohiyo, na kwamba hawaruhusiwi kuahidi kuificha.

8. Mfuko wa dawa

Kama ungekuwa na muda wa kufanya zoezi moja tu katika programu nzima, fanya hili. Mzee alete kila anachokimeza, anachokipaka na anachodondoshea machoni: dawa za hospitali, za kujinunulia, za mitishamba, za kuazimwa. Vyote vimwagwe mezani. Mwanafunzi wa famasi aongoze, na mwenzake wa udaktari aandike kwa kila dawa: inatibu nini, ilianza lini, nani aliiandika, bado inahitajika? Wa uuguzi aulize inavyomezwa hasa, maana maandishi ya kwenye pakiti na mazoea ya nyumbani mara nyingi hayalingani.

Turudi kwa bibi. Aliandikiwa amlodipini kwa ajili ya presha, kipimo kikaongezwa hadi miligramu 10. Vifundo vya miguu vikavimba. Kliniki nyingine, bila kuuliza habari za amlodipini, ikampa furosemaidi ya kuondoa maji. Anaimeza jioni kwa sababu ndipo mjukuu wake anapokuwa nyumbani kumsaidia. Usiku anaamka mara nne kukojoa, gizani, na presha yake ikishuka anaposimama. Alipolalamika kuwa halali, akanunuliwa dukani dawa ya mafua inayoleta usingizi. Kuvimba kwa miguu kulikuwa athari inayojulikana ya dawa ya kwanza, ikatibiwa kama ugonjwa mpya, na mnyororo ukaendelea kujiunga.

Wanafunzi wakiuona mnyororo huo wakiwa pamoja, kila mmoja akiwa ameshika pete yake moja, hawausahau. Wa famasi alijua athari ya amlodipini. Wa uuguzi alijua saa ya kumeza. Wa fiziotherapia alijua udhaifu wa mapaja. Wa ustawi wa jamii alijua habari za mjukuu. Hakuna aliyekuwa na kisa kizima.

Wafundishe pia mambo mawili ya kitaalamu. Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu ili kukadiria kazi ya figo, inaweza kuonekana ya kawaida kwa mzee aliyekonda, kwa kuwa misuli inayoizalisha ni michache, huku figo zake zimepungua nguvu sana. Kwa hiyo kipimo cha dawa kikokotolewe kwa umri na uzito wake. Na wajizoeze kutumia Orodha ya Beers, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1991, inayotaja dawa za kuepukwa au kutumiwa kwa tahadhari kwa wazee. Dawa za zamani za mzio na mafua zinazoleta usingizi zimo: huchanganya akili, hufunga choo na huzuia mkojo.

Mpaka uwe wazi. Mwanafunzi hamwambii mzee aache dawa yoyote. Timu inapendekeza, msimamizi mwenye mamlaka anaamua, na wanapunguza jambo moja kwa wakati mmoja ili wajue lipi limeleta nafuu.

9. Kikao cha kupanga

Dakika 40 zinatosha. Kila fani itoe taarifa kwa dakika tatu katika sehemu nne: hali ilivyo, historia fupi inayohusika, tathmini yangu, ninachopendekeza. Anayesikia neno asilolijua ana wajibu wa kuuliza, na asichekwe.

Kisha wapange. Makosa ya kawaida ni kuunganisha mipango sita ya fani sita kuwa mpango mmoja mrefu: mazoezi mara tatu kwa siku, milo mitano midogo, kliniki nne tofauti. Mzee hawezi, na nyumba yake haiwezi. Lazimisha timu ichague mambo matatu tu kwa wiki nne za kwanza, yanayoelekea kwenye lengo la mzee. Kwa bibi yetu: kumwomba daktari apitie upya amlodipini na furosemaidi na kuiondoa dawa ya mafua, taa na njia safi kutoka kitandani hadi msalani, zoezi la kuinuka kitini, mara chache kila asubuhi, kisha kutembea na mtu hadi nyumba ya kwanza.

Kila jambo liwe na jina la mwenye kulifuatilia na tarehe. "Timu itafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia.

Halafu mpango upelekwe kwa mzee, naye aukosoe. "Bibi, haya ndiyo tuliyofikiria. Lipi halitawezekana hapa nyumbani?" Atakachosema kibadilishe karatasi hapohapo, mbele yake. Mwisho aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, na anayemhudumia vilevile. Wakieleza tofauti na mlivyokusudia, waliokosa kueleza vizuri ni ninyi.

10. Ziara ya nyumbani

Waende wawili au watatu, kwa miadi, wakiwa na msimamizi au namba ya kumpigia mara moja. Watazame njia ya msalani, kimo cha kitanda, ngazi, sakafu inayoteleza, dawa zinakowekwa, na nani yupo saa zipi. Wasikague kabati la mtu kama askari. Waombe mzee awaonyeshe anavyofanya: anavyoinuka, anavyofika jikoni, anavyofungua kopo la dawa. Mara nyingi kifuniko cha kopo kinaeleza kwa nini dawa "haifanyi kazi".

Mwulizeni pia anayemhudumia hali yake. Analala saa ngapi? Nani humpokea? Mlezi aliyechoka ni hatari kwa wote wawili, na mpango usiomhesabu yeye huvunjika baada ya siku chache.

11. Dakika za kutafakari, na alama

Baada ya kila ziara, timu ikae na mkufunzi dakika 15. Maswali matatu: leo umejifunza nini kutoka kwa fani nyingine? Ni wapi tulikanyagana? Ni nani hakusikilizwa? Usiharakishe swali la pili. Wanafunzi watasema "hakuna" kwa adabu, subiri.

Kwa upimaji, vyama vya kitaifa vya vyuo vya afya vya Marekani viliafikiana mwaka 2011 juu ya maeneo manne: maadili, majukumu, mawasiliano na kazi ya timu. Ni mgawanyo unaotumika popote. Nusu ya alama iwe ya kikundi na nusu ya mtu mmoja mmoja. Mtazame kila mwanafunzi akiwa kazini angalau mara moja kwa kila eneo, na usitegemee insha. Insha kuhusu ushirikiano huandikwa vizuri hata na asiyeshirikiana. Maoni ya mzee na ya anayemhudumia yaingie kwenye alama, yakusanywe na mtu mwingine asiye mwanafunzi wala msimamizi wao.

12. Makabidhiano

Wanafunzi wataondoka na mzee atabaki. Hili lisemwe siku ya kwanza na likumbushwe wiki mbili kabla ya mwisho, kwa sababu kwa mzee mpweke wageni wa kila wiki huwa sehemu ya maisha, na kutoweka kwao ghafla kunaumiza.

Timu iandike muhtasari wa ukurasa mmoja: lengo la mzee kwa maneno yake, kilichobadilishwa, kilichoshindikana, orodha ya dawa za sasa, na mambo yanayosubiri. Nakala moja ibaki kwa mzee kwa herufi kubwa, nyingine kwenye faili, ya tatu akabidhiwe ana kwa ana mtumishi wa kudumu atakayeendelea naye. Mwanafunzi mmoja apewe jukumu la kupiga simu baada ya wiki nne kuuliza kama mambo matatu yaliyopangwa bado yanafanyika, na awaandikie wenzake alichoambiwa. Kama timu nyingine inakuja muhula ujao kwa mzee huyohuyo, ianze kwa kuusoma ukurasa huo, kisha imuulize mzee upya anataka nini, maana huenda nyumba ya tatu ameshaifikia.